Vituo vya klorini kwenye ufuko wa Goma: tathmini ya huduma ambayo kolera haijapata jeni ya kuikwepa

Kila anayeteka maji Ziwa Kivu kwa bidoni ya lita 20 na kuyapeleka mitaa ya Goma kama Himbi, Keshero au Mugunga anaijua sura ya kituo cha klorini: meza, kivuli cha plastiki, ndoo yenye kifuniko, na mtu mwenye glavu anayeshika seringi isiyo na sindano. Unaleta bidoni iliyojaa, anaipiga dozi mdomoni, unafunga, unaondoka. Hulipi kitu. Tunachotathmini hapa ni huduma hiyo kwa jumla, wala si shirika fulani, na tunaipima kwa vitu viwili: kemia ya maji ya Kivu, na tabia za kijidudu chenyewe.

Hukumu yetu tunaitoa mapema. Katika njia zote ambazo mkaaji wa Goma anaweza kuzifikia bila kuwa na hela, hii ndiyo yenye nguvu zaidi dhidi ya kolera, kwa sababu inampiga kijidudu mahali ambapo jeni alizojikusanyia hazimsaidii. Lakini vituo hivi hufanya kazi kwa vipimo vilivyotungwa kwa maji ya kwingine, na maji ya Kivu hayafanani na maji ya kwingine. Hapo ndipo huduma inapopoteza alama.

Ili kuelewa kwa nini tunaipa klorini uzito huu, lazima kwanza tumwangalie adui. Vibrio cholerae ana makundi zaidi ya 200 yanayotofautishwa kwa sukari za ganda lake la nje, na karibu yote huishi majini bila kuleta milipuko. Yanayoua watu kwa maelfu ni mawili tu, O1 na O139, na huku kwetu tunapambana na O1. Ukali wake hakuzaliwa nao. Umeingia kutoka nje, mzigo juu ya mzigo.

Jeni za sumu, ctxA na ctxB, ni mali ya kirusi cha bakteria kiitwacho faji CTX, kilichoelezwa na Matthew Waldor na John Mekalanos mwaka 1996. Faji hiyo ni kama uzi mwembamba. Hushika vinyweleo vya bakteria viitwavyo TCP, huingia, kisha hujichomeka ndani ya kromosomu na kukaa humo kama mwenyeji. Jeni za vinyweleo hivyo nazo ni za kuokotwa: ziko kwenye kipande kiitwacho VPI-1, chenye urefu wa herufi za DNA zipatazo 40,000. Kwa hiyo kipande cha kwanza kilimfungulia mlango wa pili. Na vinyweleo hivyohivyo vinavyoipokea faji ndivyo vinavyomwezesha bakteria kujikusanya na kukaa kwenye utumbo mwembamba wa mtu.

Sumu ikishaingia kwenye seli za utumbo, huzibana zibaki zikimwaga chumvi bila kusimama, na maji hufuata chumvi. Mgonjwa mahututi anaweza kupoteza lita moja kwa saa. Maji hayo meupe kama ya kuoshea mchele yanaweza kuwa na bakteria milioni 10 hadi bilioni 1 katika kila mililita. Chukua kiwango cha katikati, milioni 100 kwa mililita: lita moja ina bakteria bilioni 100. Mtu mzima mwenye afya, ambaye asidi ya tumbo lake inafanya kazi vizuri, huhitaji kumeza milioni 100 hivi ili augue. Lita moja ya mgonjwa mmoja, basi, inatosha kuwaangusha watu elfu moja. Bakteria waliotoka tumboni muda si mrefu ni wakali kuliko waliokwisha kukaa majini. Kwa saa kadhaa dozi ya kuambukiza hushuka hata mara kumi au mia. Ndiyo maana shuka la mgonjwa likifuliwa ufukweni asubuhi, bidoni inayotekwa mita chache kando yake ni hatari kuliko ile itakayotekwa kesho yake. Faida yote ya ile faji ni hii: mtu anageuzwa pampu ya kurudisha bakteria majini.

Mzigo mwingine ni ule wa kukinza dawa. Mnamo 1992 huko Madras, India, aina ya O139 ilionekana ikiwa na kipande kinachoitwa SXT, chenye urefu wa herufi karibu 100,000. Kinakinza sulfametoksazoli, trimetoprimu, kloramfenikoli na streptomaisini kwa mpigo mmoja, na kinahama kutoka bakteria hadi bakteria kwa kugusana. Goma inakumbuka Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa mji na kandokando ya barabara, na karibu watu 50,000 wakafa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kuhara. Kolera iliyopimwa wakati ule ilikuwa inakinza tetrasaiklini na doksisaiklini. Mwaka 2024, aina yenye plasmidi (kipete cha DNA kilicho nje ya kromosomu), na ambayo inakinza azitromaisini na siprofloksasini, ilitangazwa kuenea kutoka Yemeni hadi Komoro, Mayotte, Kenya na Tanzania.

Hili tunalisema kwa wale wanaopita farmasi ndogo za mtaa wa Birere wakinunua vidonge "vya kuzuia kolera". Mwaka 2004 ilithibitishwa maabarani kwamba siprofloksasini, kwa kuichokoza bakteria, huamsha SXT na kuongeza kasi yake ya kuhamia kwa majirani. Kidonge kinachomezwa bila ugonjwa hakikulindi, na kinaweza kuwa kinawagawia bakteria silaha. Hata kwa mgonjwa, antibiotiki ni msaada wa pembeni. Kinachomwokoa ni SRO, yaani maji ya kunywa yenye chumvi na sukari, au serumu ya mshipani akizidiwa.

Kuna mizigo mingine isiyozungumzwa sana, ingawa kwa maoni yetu ndiyo inayoeleza vizuri kwa nini kijidudu hiki hakimaliziki majini. Katika maji bakteria ana maadui wake, na wakubwa ni faji wanaompasua. Aina za O1 zilizoanza kuzunguka dunia mwaka 1961 kutoka Indonesia zina visiwa viwili vya jeni, VSP-I na VSP-II, ambavyo jamaa zake wa zamani hawakuwa navyo. Ndani ya VSP-I kuna mfumo unaomfanya bakteria aliyevamiwa na faji ajiue kabla faji hajazaana, ili wenzake wapone. SXT nayo hubeba kinga dhidi ya faji pamoja na ile ya dawa. Huko Bangladesh wameona kisiwa kingine, PLE, ambacho faji ICP1 akiingia kinajinyofoa kutoka kwenye kromosomu na kuteka mitambo ya huyo mvamizi kwa faida yake.

Na namna ya kuokota jeni? Bakteria akikaa juu ya ganda la vijidudu vya majini, chitini iliyomo kwenye ganda hilo humwamsha aanze kumeza DNA iliyo karibu naye. Maabara ya Melanie Blokesch huko Uswisi ilionyesha mwaka 2015 kwamba hangoji DNA ijilete: huwachoma majirani kwa mkuki wa protini, wanapasuka, naye anachukua vipande vyenye jeni zaidi ya 40 kwa mara moja.

Sasa rudi mezani pale ufukweni. Antibiotiki hulenga kitu kimoja ndani ya bakteria, na kitu kimoja kinaweza kubadilishwa, kufichwa au kutolewa nje kwa jeni moja ya kuokota. Faji naye hushika mlango mmoja. Klorini hailengi kimoja. Inaunguza utando, inaunguza protini, inaunguza vimeng'enya vyote kwa pamoja. Hakuna kipande cha jeni kinachojulikana, si SXT, si plasmidi, kinachomfanya Vibrio cholerae anayeelea peke yake avumilie dozi sahihi kwa muda sahihi. Kinga pekee ya maana aliyo nayo ni kujificha ndani ya ute akiwa amejikusanya na wenzake, na jeni za ute huo ni zake za tangu zamani. Hilo la ute litaturudisha kwenye bidoni.

Dozi sahihi kwa muda sahihi: kila kitu kimesimama hapo. Tuanze na dawa ya mama, yaani mchanganyiko wa asilimia 1. Unatengenezwa kwa HTH, yaani unga wa klorini wenye klorini asilimia 65 hadi 70, gramu 15 kwa lita moja ya maji, sawa na kijiko cha mezani kilichosawazishwa. Unga ndio unaotiwa kwenye maji. Usimwage maji juu ya unga, utarukiwa. Unakoroga kwa kijiti cha mbao au plastiki, unaacha machicha meupe yatulie, unamimina maji ya juu kwenye chombo cha plastiki kisichopitisha mwanga. Maji ya Kivu yana chumvi za kaboneti kwa wingi, kwa hiyo machicha huwa mengi kuliko kawaida. Seringi inayofyonza kutoka chini ya ndoo huziba na kutoa dozi pungufu bila mpigaji kutambua. Kituo kizuri hutengeneza dawa mpya kila siku. Ukiona ndoo ya dawa imekaa juani bila kifuniko, jua inapoteza nguvu saa kwa saa.

Mililita moja ya mchanganyiko huo ina miligramu 10 za klorini. Mililita 5 ndani ya lita 20 ni miligramu 2.5 kwa lita. Je, zinatosha? Hakuna anayeweza kujibu kwa kukariri, maana sehemu ya klorini huliwa na uchafu uliomo majini kabla haijamgusa bakteria. Ndiyo kazi ya jaribio la ndoo: ndoo nne za lita 20 za maji yaleyale ya siku ile, unatia mililita 4, 5, 6 na 8, unakoroga, unangoja, halafu unapima klorini huru, yaani ile isiyoliwa na uchafu, iliyobaki katika kila moja. Unachagua dozi ndogo kabisa inayofikia kiwango kinachotakiwa. Jaribio hili lingepaswa kurudiwa kila maji yanapobadilika, hasa baada ya mvua kubwa kusukuma matope na taka kutoka mitaani hadi ziwani. Kituo kinachopiga mililita zilezile kiangazi na masika kinabahatisha.

Kinachotusumbua zaidi ni kiwango chenyewe na muda wa kungoja. Karatasi nyingi za maelekezo zinasema nusu saa, na klorini huru iwe miligramu 0.5 kwa lita. Hiyo ni sawa kwa maji ambayo pH yake, yaani kipimo cha asidi au magadi (7 ni katikati, juu ya hapo ni magadi), iko chini ya 8. Maji ya juu ya Kivu yako karibu na 9. Klorini majini huwa na sura mbili, HOCl yenye makali na OCl⁻ iliyo dhaifu. Kwenye pH 7.5 ziko nusu kwa nusu. Kwenye pH 9 sura kali hubaki kama asilimia 3 tu. Kipimo kitaonyesha rangi ileile ya waridi, namba ileile, huku makali yakiwa sehemu ndogo. Kwa maji ya namna hii kiwango cha kufuata ni miligramu 1 kwa lita baada ya saa nzima. Mama anayefika nyumbani baada ya dakika 20 na kumpa mtoto kikombe hajakosea. Kosa ni la kituo kisichomwambia angoje hadi saa ikamilike tangu dawa ilipotiwa.

Kifaa cha kupimia nacho kinachangia upotovu huu. Ni kile kisanduku kidogo cha plastiki chenye vyumba viwili: upande mmoja unatia kidonge cha DPD1 kwa klorini huru, upande mwingine fenoli nyekundu kwa pH. Upande wa pH mizani yake inaishia 8.2. Maji ya Kivu yakiingia humo hutoa rangi nyekundu iliyoiva kabisa, na mpimaji anaandika 8.2 kwa kuwa hakuna namba iliyo juu yake. Daftari likisomwa ofisini linaonekana halina tatizo. Vikaratasi vya pH vinavyofika 10 au zaidi ni vya bei ndogo na vinamaliza ubishi huo. Kwa upande wa DPD1, kidonge kisishikwe kwa vidole, na ikiwa rangi ya waridi inatokea kisha inapotea palepale, usiandike sifuri: klorini ni nyingi mno imeiunguza rangi. Punguza sampuli kwa maji yasiyo na klorini, pima tena, zidisha.

Kosa lingine linaonekana kwa macho, halihitaji kifaa. Mtoto analeta bidoni ya lita 10, mpigaji amezoea mkono wake, anatia dozi ya lita 20. Maji yananuka, familia inalalamika, na wiki ijayo mtoto anatumwa ateke pembeni, mbali na meza. Tunaona harufu inawafukuza watu kuliko foleni. Kituo kinachoheshimu kazi yake kina seringi zilizowekwa alama kwa lita 5, 10 na 20, na mpigaji anauliza kabla ya kupiga. Vilevile dozi itiwe bidoni ikiwa imejaa, kisha ifungwe na kupinduliwa mara mbili tatu. Ikishapanda chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mawe ya lava yatamalizia kuikoroga.

Bidoni yenyewe sasa. Zile za manjano zilizokuwa za mafuta ya kupikia zina mdomo mwembamba, mkono hauingii, na ndani, kwenye kona za chini, hujengeka utelezi wa kijani au kahawia. Huo ndio ute tuliousema. Ndani yake bakteria hufunikwa, na klorini huishia kula ute badala ya kuwafikia. Maji yanaondoka kituoni na miligramu 1, jioni hayana kitu. Dawa yake ni ya mikono: changarawe ndogo kiganja kimoja, sabuni, maji kidogo, tikisa kwa nguvu kila upande, mwaga, suuza. Halafu mililita 50 za mchanganyiko wa asilimia 1 kwa mililita 950 za maji, funga, zungusha ili yaguse kuta zote, acha nusu saa ukiigeuza mara kwa mara, mwaga na suuza kwa maji safi. Vituo vichache vinavyotenga siku ya kuosha bidoni vinastahili sifa kubwa; kwa maoni yetu siku hiyo ina thamani kuliko mabango yote ya kunawa mikono.

Saa za kazi ni udhaifu mkubwa wa huduma hii. Watu huteka alfajiri, kabla jua halijawa kali na kabla ya kazi, na meza nyingine hufunguliwa kumekwisha kucha. Wauza maji wa chukudu wamekwisha kupita safari zao za kwanza. Malori ya tangi nayo hufyonza kwa pampu na kuondoka, tangi zima la maelfu ya lita, bila mtu wa seringi kuyakaribia. Hesabu ni ileile: kwa lita 5,000 utahitaji mililita 1,250 za mchanganyiko ili kupata miligramu 2.5 kwa lita, zitiwe wakati tangi linaanza kujaa ili maji yenyewe yachanganye. Mtu mmoja ufukweni saa kumi na moja alfajiri akiwa na chupa ya lita moja na nusu angelinda kaya nyingi kuliko meza tatu za saa tatu asubuhi.

Tukilinganisha na njia nyingine, kuchemsha kunaua kolera hakika, hata hapa kwenye mita 1,500 ambako maji huchemka kama nyuzi 95. Yakitokota kwa dakika moja yanatosha. Lakini makala, yaani makaa, yana bei, na maji yaliyochemshwa hayana kinga yoyote mkono mchafu ukiingizwa na kikombe. Kidonge cha Aquatabs cha miligramu 67 kwa lita 20 za maji maangavu ni sawa na kituo kwa kazi, na kina faida kwamba unakitumia nyumbani bila kutegemea mtu. Ila suala la pH na saa nzima linabaki palepale. Kwa maji ya matope, pakiti ya gramu 4 ya unga wa kusafisha maji uliojulikana kama PUR kwa lita 10 inashinda vyote: koroga dakika 5, acha yatulie dakika 5, chuja kwa kitambaa cha pamba, ngoja dakika 20, na kwa maji ya Kivu sisi tungengoja zaidi. Kuchuja peke yake kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa si kazi bure. Huko Bangladesh sari kuukuu iliyokunjwa angalau mara nne ilipunguza kolera kwa karibu nusu, kwa kuwa hunasa vile vidudu vya majini ambavyo bakteria hupanda juu yake. Chuja kwanza, halafu peleka bidoni mezani, na klorini itapata kazi ndogo.

Ukifika kituoni, uliza mambo matatu bila aibu: dawa imetengenezwa lini, jaribio la ndoo lilifanywa siku gani, na maji yanyweke baada ya dakika ngapi. Mpigaji mwenye majibu ni wa kuaminiwa. Akikuambia nusu saa, wewe ngoja saa nzima, bidoni ikiwa imefungwa na kuwekwa kivulini, na maji hayo yatumike ndani ya saa 24. Yakilala zaidi ya hapo, yatie dawa upya kabla ya kuyanywa.